Vyama vya Wapenzi wa Kompyuta: Kukusanyika, Kupungua na Kudumu

Walimu wengi wanaosoma kurasa hizi wamepata kuongoza chama cha Kiswahili shuleni au mtaani, na wanaijua hali tunayotaka kuizungumzia. Chama huanza kwa shangwe. Mkutano wa kwanza viti havitoshi. Wa pili wanakuja wengi. Na ufikapo mwaka wa tatu katibu hupanga viti thelathini, kisha huviondoa ishirini kabla mgeni hajaingia, ili ukumbi usionekane mtupu. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ukumbi hujaa tena. Mwezi wa Agosti tunabaki wale wale saba tunaojuana. Hapo ndipo huulizwa swali ambalo kila chama hulifikia: je, tufunge au tuendelee? Na tukiendelea, tuendelee vipi?

Katika makala haya tumekusudia kulitazama swali hilo kwa kupitia historia ya watu walio mbali nasi kwa kazi na kwa mahali, yaani wapenzi wa kompyuta wa Marekani na Ulaya. Tumewachagua hao kwa sababu vyama vyao vilianza juzi tu, katika miaka ya 1970, na habari zake zimehifadhiwa vizuri. Tena vilikua kwa kasi na vingi vikafa kwa kasi, hata mtu mmoja akaweza kushuhudia kuzaliwa na kuzikwa kwa chama kimoja. Tusemapo "mpenzi wa kompyuta" twamaanisha mtu wa ridhaa, anayeishughulikia mashine hiyo kwa raha ya nafsi yake wala si kwa mshahara. Wataalamu wetu wa lugha wamewahi kuipendekezea mashine hii majina ya ngamizi na tarakilishi. Sisi hapa tutasema kompyuta, kwa kuwa ndilo neno lililozoeleka vinywani mwa watu.

Mwanzo katika banda la gari

Kabla ya mwaka 1975 kompyuta zilikuwa mali ya serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mtu wa kawaida aliweza kufanya kazi karibu nazo, lakini hakuweza kuwa nayo nyumbani. Januari 1975 jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitoa kwenye jalada lake picha ya mashine ndogo, Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni ya MITS ya mji wa Albuquerque, New Mexico. Mnunuzi aliweza kuletewa vipande vitupu kwa bei isiyofika dola 500, akavilehemu mwenyewe mezani kwake. Mashine yenyewe haikuwa na kibodi wala skrini. Ilikuwa na safu za swichi na vitaa vidogo usoni pake, na kumbukumbu yake ya awali ilichukua baiti 256 tu. Hata aya hii moja mnayoisoma isingeenea ndani yake.

Basi fikirini hali ya mtu aliyekaa usiku mwingi akilehemu, akamaliza, akawasha, na vitaa visiwake. Atamwuliza nani? Hakuna fundi mtaani, hakuna kitabu, na aliyeuza yuko safari ya siku mbili. Haja hiyo ndiyo iliyozaa vyama. Uingereza walikuwa wamekwisha kuwa na chama chao cha wapenzi tangu mwaka 1973, na Uholanzi walianzisha chao mwaka 1977. Lakini kilichopata sifa kuliko vyote ni Homebrew Computer Club cha California.

Chama hicho kilikutana mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1975 katika banda la gari la nyumba ya Gordon French, mjini Menlo Park. Waliohudhuria walikuwa watu 32, na kivutio chao kilikuwa Altair moja iliyoletwa kuonyeshwa. Aliyeshirikiana na French kuwaita watu ni Fred Moore, ambaye hakuwa mhandisi. Alikuwa mpigania amani aliyekwisha kujulikana tangu mwaka 1959, alipofunga kula akipinga mafunzo ya kijeshi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Moore aliamini kwamba kompyuta ingefaa kuwa chombo cha watu wa kawaida. Usiku ule alifanya jambo dogo ambalo sisi walimu hatuna budi kulitia maanani: aliandika jina la kila mtu pamoja na yale anayoyapenda, na kabla mwezi haujaisha alitoa toleo la kwanza la kijarida cha chama lenye habari hizo. Kila mmoja akaweza kumtafuta mwenziwe bila kumngoja mwenyekiti.

Jinsi mikutano ilivyoendeshwa

Banda halikutosha, na chama kikahamahama mpaka kikapata ukumbi katika kituo cha utafiti cha SLAC cha Chuo Kikuu cha Stanford. Aliyeongoza mikutano kwa muda mrefu ni Lee Felsenstein, mhandisi, naye aliigawa jioni katika sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mtu yeyote aliweza kusimama na kueleza kwa maneno machache yeye ni nani, ana nini, anatafuta nini na amesikia nini kipya. Mmoja atasema ana vipande vya ziada. Mwingine atasema mashine yake imegoma. Wa tatu ataleta uvumi wa bidhaa itakayotoka. Katika sehemu ya pili mkutano ulivunjwa makusudi. Kila mtu alimwendea yule aliyemsikia akitaja jambo linalomhusu, na ukumbi mzima ukawa makundi ya watu wawiliwawili na watatuwatatu.

Tunaona hapa kwamba hapakuwa na mhadhiri wa kukaa mbele jioni nzima. Aliyekuja na tatizo alikuwa na kazi mkutanoni sawasawa na aliyekuja na jawabu. Siku moja ya mwaka huo wa 1975 Steve Dompier alileta Altair yake, akaweka redio ndogo kando, akaingiza maagizo kwa swichi moja moja, na mara redio ikatoa wimbo. Mashine ile haikuwa na kifaa chochote cha sauti. Dompier alikuwa amegundua kwamba mawimbi yake yanaisumbua redio, akaupanga usumbufu huo ukawa muziki. Watu walishangilia, naye hakuificha mbinu yake bali aliichapisha ili kila mtu aijaribu. Vivyo hivyo Steve Wozniak, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Hewlett-Packard na mmoja wa wale 32 wa siku ya kwanza, aliwaonyesha wenzake mashine aliyoibuni, akawagawia michoro yake bila malipo. Mwaka 1976 mashine hiyo iliuzwa kwa jina la Apple I.

Mafanikio yaliyoleta upungufu

Mtu angedhani chama chenye uhai wa namna hiyo hakiwezi kupungukiwa na watu. Lakini mbegu za upungufu zilikuwa ndani ya mafanikio yenyewe.

Mbegu ya kwanza ilikuwa biashara. Mwanachama mmoja alinakili utepe wenye lugha ya BASIC iliyotungwa kwa ajili ya Altair, na nakala zikasambaa chamani. Tarehe 3 Februari 1976 Bill Gates, mmoja wa watunzi wa programu hiyo, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wao wanaitumia bila kuinunua, na kuwauliza ni nani atakayefanya kazi ya kitaalamu bila ujira. Hatukusudii kuhukumu hapa. Waliogawana waliona wanaendeleza ada ya kusaidiana, na mtunzi naye alikuwa na haki ya jasho lake. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba tangu hapo neno "kugawana" halikuwa na maana moja kwa wote waliokaa ukumbini.

Zaidi ya hayo, kampuni zaidi ya 20 zilianzishwa na watu wa chama hicho. Mtu ambaye mwaka 1975 alisimama akaeleza kila alichokijua, mwaka wa tatu alikuwa na washirika, wadeni na siri. Alihudhuria, lakini alinyamaza. Na chama ambacho chakula chake ni mazungumzo hudhoofika pale wenye habari wanyamazapo, hata kama viti vimejaa.

Mbegu ya pili ilikuwa duka. Mwaka 1977 zilitoka mashine tatu zilizo tayari, yaani Apple II, Commodore PET na TRS-80, zote zikiwa na kibodi. Mnunuzi hakuhitaji tena kulehemu. Hakuhitaji basi kumjua mtu aliyelehemu. Kijarida cha chama kilitoa toleo lake la mwisho Desemba 1977. Mikutano yenyewe haikufa hapo. Iliendelea kwa miaka tisa zaidi, hata Desemba 1986 ilipokoma. Tusikiseme chama hicho kuwa kilishindwa. Kilitaka kompyuta iingie nyumbani mwa mtu wa kawaida, ikaingia. Kosa, kama lilikuwapo, ni kwamba hapakuzuka haja mpya ya kuwakusanya watu baada ya ile ya kwanza kutimia.

Chama kikubwa cha Boston

Upande wa pili wa Marekani, mjini Boston, mwaka 1977 kijana wa miaka 13, Jonathan Rotenberg, alishiriki kuanzisha Boston Computer Society. Mkutano wa kwanza ulihudhuriwa na watu wachache mno. Hata hivyo chama kilikua mpaka kikawa na wanachama zaidi ya 30,000, wengine wakiwa nchi za mbali. Kilikuwa na vikundi vingi vidogo, kila kimoja na mashine yake au shughuli yake. Kilikuwa na magazeti, ofisi na watumishi wa kulipwa. Makampuni yalikuja kwake kuonyesha bidhaa mpya. Mwishoni mwa Januari 1984, siku chache baada ya kompyuta ya Macintosh kutolewa, Steve Jobs alifika mwenyewe kuionyesha mbele ya wanachama hao.

Mwaka 1996 chama hiki kikubwa kilivunjwa. Kompyuta zilikuwa zimeenea kila mahali, na intaneti ilikuwa inampa mtu nyumbani yale aliyokuwa akiyafuata mkutanoni. Lakini kwa maoni yetu ziko sababu mbili nyingine. Mosi, ukubwa wenyewe uliwageuza wanachama kuwa watazamaji. Mtu aliyezoea kuja kutazama, siku apatapo pa kutazamia penye nafuu zaidi, haji tena, wala hatuwezi kumlaumu. Pili, ofisi na mishahara hudai ada za watu wengi. Wanachama wanapopungua, kodi ya nyumba haipungui pamoja nao. Chama cha watu saba wanaokutana chini ya mwembe chaweza kuvumilia ukame wa miaka kumi. Chama chenye ofisi hakiwezi kuvumilia hata miwili.

Vile vilivyodumu

Hata hivyo si vyama vyote vilivyokufa. Tutaje mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa Ujerumani. Septemba 1981 watu wachache walikutana Berlin, katika ofisi za gazeti moja, na hapo kikazaliwa Chaos Computer Club. Tangu mwaka 1984 chama hicho kimekuwa na mkutano mkuu katika siku za mwisho wa Desemba. Ulianzia Hamburg, ukahamia Berlin mwaka 1998, ukarudi Hamburg mwaka 2012, ukaenda Leipzig mwaka 2017. Maradhi ya UVIKO-19 yaliukatiza kuanzia mwaka 2020, na watu wakakutana kwa njia ya mtandao. Lakini mwaka 2023 ulirejea Hamburg, na wakaja maelfu. Siri yake moja ni hii: kazi za mkutano hufanywa na wahudhuriaji wenyewe. Anayejitolea huitwa malaika. Malaika hulinda milango, hutandaza nyaya, hupika na hufasiri hotuba. Mgeni ambaye hajui mtu hata mmoja hujiandikisha kuwa malaika, na kabla jua halijatua amekwisha kupata wenzake wa kazi.

Wa pili ni wa watu watungao programu fupi zinazochora picha na kupiga muziki, wakishindana ni nani atakayefanya makubwa kwa mashine dhaifu au kwa programu ndogo kabisa. Hawa huko Ujerumani wamezoea kukutana siku za Pasaka. Kuanzia mwaka 2003 walikusanyika Bingen, katika mkutano ulioitwa Breakpoint. Waandaaji walipoona wamechoka, hawakuuacha ufifie. Walitangaza kwamba wa mwaka 2010 ndio wa mwisho, wakaagana na watu vizuri. Pasaka iliyofuata, mwaka 2011, watu wengine waliitisha mkutano mpya, Revision, mjini Saarbrücken. Jina lilibadilika na mji ulibadilika, lakini majira yalibaki yale yale, na watu walijua pa kwenda. Ufini mwaka 2020, na Ujerumani mwaka 2021, ziliuandikisha utamaduni huu katika orodha zao za urithi wa kitaifa usioshikika.

Wa tatu ni wa wapenzi wa mashine za zamani. Tangu mwaka 1997 yako matamasha yaitwayo Vintage Computer Festival, yaliyoanzia California. Humo mashine kama Altair huwashwa tena, na mzee aliyeilehemu ujanani huwa mwalimu wa kijana ambaye hajawahi kushika kifaa cha kulehemia. Hao wamefanya lile ambalo wenzao wa 1986 hawakulifanya: wamegeuza haja ya kukusanyika. Zamani walikutana kwa kuwa mashine ilikuwa mpya mno. Sasa wanakutana kwa kuwa ni kuukuu, na ujuzi wake u karibu kupotea.

Mafunzo kwa vyama vyetu

Kutokana na historia hii tunaona mambo manne yanayotuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambamo si lugha ya mama ya walio wengi.

La kwanza ni kuuliza haja ya leo, siyo ya siku ya kuzinduliwa. Wakati mwingine zamani watu walikuja chamani kwa sababu kamusi ilikuwa moja tu na ilikuwa mezani kwa katibu. Leo kijana ana kamusi katika simu yake. Tukiendelea kumwita aje kusikiliza maana za maneno, tunamwita aje achukue kitu alicho nacho mfukoni. Lakini simu haimsikilizi akisema "kitabu yangu" mbele ya watu, ikamsahihisha kwa upole, kisha ikamngoja aseme tena. Haja hiyo bado ipo, na tiba yake ni watu waliokaa pamoja.

La pili ni kumpa mgeni kazi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii kwa kawaida humwonya mgeni asizidishe kukaa. Lakini yafaa pia imwonye mwenyeji. Mgeni asiyepewa jembe hujiona si mtu wa nyumbani, akaondoka bila kuaga. Katika chama jembe hilo litolewe siku ile ile ya kwanza: huyu aandike majina, yule asome shairi, mwingine achemshe chai. Na twaweza kuazima utaratibu wa Felsenstein bila kununua chochote. Kila aliyehudhuria asimame, ataje neno moja alilolisikia wiki hiyo sokoni au redioni, na neno moja analolitafuta. Kisha mkutano uvunjwe, mwenye kutafuta amfuate mwenye nalo. Hapo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja atakuwa na la kutoa.

La tatu ni kupima gharama kwa kimo cha watu kumi, hata siku tulipo mia. Ukumbi wa kukodi, mgeni wa heshima na chakula cha sherehe vinafaa tarehe 7 Julai. Mkutano wa kila mwezi uwe wa namna ambayo watu watano wanaweza kuuendesha bila kumwomba mtu fedha.

La nne ni kuitunza siku. Ikiwa kila mwezi ni mara nyingi mno, basi na iwe mara nne kwa mwaka, lakini tarehe isitikisike. Mwanachama aliyepotea miaka miwili, siku akikumbuka, akute mlango wazi mahali pale pale na saa ile ile. Wale wa Saarbrücken waliokota mkutano uliokwisha kufungwa kwa sababu Pasaka haikuhama.

Hatusemi kwamba kila chama lazima kiokolewe. Kiko chama kilichomaliza kazi yake, na kukifunga kwa heshima, daftari likakabidhiwa kwa wengine, ni bora kuliko kukiacha kikafa kimya na daftari likaliwa na mchwa. Lakini tusifunge kwa aibu ya viti vitupu peke yake. Wale 32 wa Menlo Park hawakujua kwamba ni wengi au wachache. Walijua tu kwamba kila mmoja ana swali. Sisi tuliobaki saba tumeamua kwamba mwezi ujao tutapanga viti vinane, kwa duara, na cha nane kitakuwa cha mgeni, na daftari la majina litawekwa juu yake.

Tunawaomba walimu wenzetu watuandikie jinsi vyama vyao vinavyoendelea: vina watu wangapi, hufanya nini wanapokutana, na ni jambo gani lililowarudisha waliokuwa wamepotea. Barua zenye mafunzo tutazitoa katika matoleo yajayo.